Unataka kile kichaka cha maua ya milima ya baridi hapa Dodoma? Kaa kwanza tuongee

Mimi nauza miche pembeni ya barabara hapa Dodoma, na kila mwaka mvua zikishakata lazima aje mteja mmoja na simu mkononi, ananionesha picha ya mlima, juu theluji, chini mawe, halafu kuna kichaka kifupi kimefunika mteremko mzima maua ya pinki mpaka macho yanauma, ananiambia "kaka mimi nataka hii, weka hapo mbele ya geti". Zamani nilikuwa nasema haiwezekani, mtu anaondoka amenuna, anaenda kwa jirani anauziwa mche wowote anaambiwa ndio wenyewe huo. Siku hizi namwambia bosi vuta ndoo hiyo ukae, maana picha yako ina vitu viwili, kuna mmea na kuna mlima. Mmea kuuleta hapa ni ugomvi. Ila mlima tunaujenga, mawe Dodoma si tunayo mpaka ya kugawa. Haya ninayoandika ndio maongezi ya kwenye ndoo, nimeyapanga kwa hatua ili usinipigie simu usiku.

Hatua ya kwanza: jua umependa nini

Mara nyingi picha inakuwa ya Alpenrose, yaani waridi la Alps, ile milima ya theluji ya Ulaya. Sio waridi hata kidogo, ni ndugu wa azalea, jina la kitaalamu Rhododendron ferrugineum, na hilo ferrugineum ni mambo ya kutu, geuza jani uone mgongo wake una rangi ya bati lililozeeka. Kinafika urefu wa mita moja hivi, majani yanabaki mwaka mzima hata theluji ikikifunika, na kinachanua kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane huko kwenye Alps na Pyrenees, pale miti mikubwa inapoanza kushindwa kupanda. Ana ndugu yake anaitwa Rhododendron hirsutum, ana vinywele pembeni ya jani, na hawa wawili wamegawana mlima kama watoto wa mzee mmoja waliogombania shamba, wa kutu anataka udongo wenye asidi, wa vinywele anakaa kwenye mawe ya chokaa. Hili la asidi na chokaa lishike, tutalirudia.

Inaweza pia kuwa Erica carnea, hicho ni kifupi zaidi, sentimita 20 hivi, maua kama vikengele vidogo vinavyotoka baridi haijaisha. Au Dryas octopetala, kinatambaa juu ya jiwe kama mkeka, maua meupe ya petali 8. Kama hujui ni kipi ingiza picha kwenye simu itafute, ila angalia majibu matatu manne kabla hujaamini, mimi simu yangu iliwahi kuniambia mchicha ni dawa ya Kichina.

Halafu jiulize kwa nini vyote hivyo ni vifupi. Huko juu upepo unakata kama wembe na baridi inashuka vibaya mno chini ya sifuri, sasa kichaka kikilala chini theluji inakifunika kama blanketi, ndani ya hiyo theluji baridi inakuwa kidogo kuliko nje. Tawi litakalojifanya refu likachomoza juu ya theluji linakaushwa na upepo linakufa. Kwa hiyo ufupi wake ni akili ya maisha, na theluji ambayo sisi tunaona ndio adui, kwake ndio shuka.

Hatua ya pili: pima kwako kabla hujatoa hela

Watu wanasahau Dodoma tuko juu, mita 1,100 na kitu kutoka usawa wa bahari. Mteja mwingine mjanja ananiambia "si umesema kinaota mita 1,500 mpaka 2,500, sasa sisi tuko 1,100, tofauti ndogo hiyo kaka". Hapana. Ukipanda mita 1,000 joto linashuka nyuzi kama 6 tu, na mita 2,000 za Ulaya sio mita 2,000 za kwetu huku karibu na ikweta. Kwetu vichaka vya tabia hiyo unavikuta Kilimanjaro juu kabisa ya msitu, huko ndio kuna Euryops dacrydioides yenye maua ya njano na zile Helichrysum zenye maua makavu kama ya karatasi. Na hata hivyo ni maisha mengine, Kilimanjaro mchana kiangazi usiku baridi ya kuganda, kila siku hivyo hivyo mwaka mzima, wakati Alps baridi inakaa miezi mfululizo. Na tafadhali usije ukamtuma kijana wa kubeba mizigo akung'olee kimoja, ile ni hifadhi ya taifa, utamuingiza mwenzio matatani.

Sasa kinachokiua kichaka cha Alps hapa Dodoma wengi wanafikiri ni jua. Jua lipo, ila jua hata huko mlimani ni kali. Wauaji wenyewe ni hawa.

Kwanza mizizi kupikwa. Jani linaweza kuvumilia mchana wa joto, lakini chungu cha plastiki cheusi kikikaa juani mwezi wa kumi na moja shika pembeni yake uone, ni sufuria hiyo. Mizizi ya hivi vichaka ni myembamba kama nywele na inakaa juu juu, inaiva siku moja tu.

Pili maji. Angalia birika lako la chai ndani, ule ukoko mweupe ni chokaa ya maji ya kisima, na wewe kila siku unammwagia hiyo chokaa mtu ambaye kwao anakunywa theluji iliyoyeyuka. Majani yanakuwa ya njano huku mishipa inabaki kijani, mtu anadhani ni njaa anaongeza mbolea, anamalizia kuua.

Tatu, na hii ndio ninayoipenda kuieleza, ni usingizi. Alpenrose inatengeneza vichomozo vya maua mwaka huu, inalala navyo chini ya theluji, inavifungua mwaka unaofuata. Hapa nani ataulaza? Utaniambia mbona zabibu nayo Ulaya inalala wakati wa baridi na hapa Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka? Swali zuri hilo. Zabibu ilikubali kulazwa kwa mkasi na kiu, mkulima wa Makutupora anakata maji, anapogoa, mzabibu unapumzika kidogo halafu unaamka na maua, yaani tumeudanganya kwamba baridi imepita. Alpenrose haidanganyiki hivyo, ukiinyima maji inakufa, ukiipogoa unakata vile vile vichomozo vya maua ulivyokuwa unavisubiri.

Kwa hiyo uamuzi uko wa aina mbili. Wa kwanza ujenge kilima cha mawe upande vichaka vifupi vinavyolipenda jua la Dodoma, upate ile picha bila ule mmea. Wa pili ni kwa wabishi, na mimi ni mmoja wao, nitaueleza mwishoni.

Hatua ya tatu: mawe na sehemu

Chagua sehemu yenye jua kuanzia asubuhi, ikiwa na mteremko kidogo ni bahati. Kama ni tambarare tutainua. Ukubwa mita 2 kwa 3 unatosha kuanzia, usiwe na tamaa, nimeona mtu kajaza uwanja mzima mawe halafu miche akanunua mitano, ilionekana kama saiti iliyosimama kwa kukosa hela.

Mawe tafuta ya aina moja. Hili ndilo linaloharibu bustani nyingi, mtu anachanganya jiwe la kijivu la kilimani, tofali lililovunjika, na yale mawe meupe ya mapambo ya dukani, inakuwa jalala lenye maua. Tumia haya haya ya kwetu, ya itale, ya kijivu yenye madoa, yale yaliyokaa juani muda mrefu yana ngozi nzuri sana. Usiende kubeba kwenye kilima cha watu, ongea na mwenye eneo au uliza serikali ya mtaa, au nunua tripu moja ya Kirikuu, na kwenye hiyo tripu mwambie dereva unataka makubwa machache kuliko madogo mengi. Mawe matano ambayo mtu mmoja hawezi kuyainua peke yake yanaleta mlima, mawe hamsini ya ukubwa wa embe hayaleti kitu. Kokoto nunua kwa akina mama wanaoponda pembeni ya vilima, ndoo kumi zinatosha.

Muda wa kujenga ni mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja, ardhi ikiwa kavu. Mvua za kwanza zikija zitakuonesha wapi udongo unazama, unarekebisha, ndipo unapanda. Aliyejenga kwangu mwezi wa kwanza katikati ya mvua alijenga mara mbili.

Hatua ya nne: kujenga kilima chenyewe

Fyeka majani yote na uchimbue mizizi yake, hasa ule ukoka unaotambaa, ukiuacha utauchukia baadaye ukishajificha chini ya mawe. Chimba kina cha koleo moja. Kama chini umekutana na udongo mweusi ule wa mbuga unaonata kama ulimbo, basi usichimbe shimo ukajaza mchanga, umetengeneza beseni, maji yatajaa humo mvua ikinyesha. Huo udongo jenga juu yake, usiingie ndani. Kwenye udongo wetu mwekundu wa kichanga hakuna shida.

Tandaza vifusi na mawe mabovu kimo cha kiganja na nusu hivi, hiyo ndio njia ya maji kukimbilia. Juu yake weka mchanganyiko: madebe mawili ya mchanga mnene wa korongoni, debe moja udongo mwekundu, debe moja samadi iliyoiva kweli kweli. Nasema kweli kweli kwa sababu ya mchwa. Samadi mbichi yenye majani makavu ndani yake Dodoma ni sawa na kumtumia mchwa kadi ya harusi, wanakuja ukoo mzima, wakimaliza majani wanahamia kwenye mche. Samadi nzuri ukiifinya haitoi harufu na huwezi kutambua ng'ombe alikula nini. Na mchanga uwe ule mnene unaokwaruza mkono, sio ule laini kama unga, laini unaziba.

Inua mpaka kimo cha goti au zaidi kidogo katikati. Sasa mawe. Anza chini na lile kubwa kuliko yote, na hapa ndipo siri ilipo, lizike theluthi moja ndani ya udongo. Jiwe lililowekwa juu juu linaonekana limeangushwa na gari. Jiwe lililozikwa linaonekana limezaliwa hapo. Ukilizika lilaze kidogo kwa nyuma, uso wake uangalie juu, ili mvua ikilipiga maji yateremke kurudi kwenye kilima badala ya kuruka mbele yakamomonyoa. Lingine liweke karibu nalo ukiacha nafasi ya kuingia mikono miwili katikati, hiyo nafasi ndio mfuko wa mche. Ukiwa unapanga kimbia barabarani uangalie kwa mbali, rudi, sogeza. Angalia pia vilima vyetu vyenyewe, ile namna mawe yamelaliana, hakuna fundi wa bustani atakayekufundisha kuliko vile.

Jiwe halipo kwa urembo tu. Mchana juu linaungua huwezi kulikalia, lakini ingiza mkono chini yake mwezi wa kumi, kuna ubaridi na hata unyevu wakati pembeni pote ni vumbi. Mizizi inaujua huo ubaridi, inafuata chini ya jiwe. Mimea ya Alps inaishi kwa mtindo huo huo.

Hatua ya tano: nini kipandwe

Kile kitanda cha pinki kwenye picha yako, kwa Dodoma kinatoka kwa bogenvilia. Najua utacheka, "bogenvilia ile ile ya kila ukuta?" Ndio, ile ile, ila tunaitunza tofauti. Mbrazili huyu akipata kiu ndio anachanua, ukimnywesha kila siku anakupa majani tu na miiba. Chukua ya pinki moja au mbili, ipande juu ya kilima mfukoni kati ya mawe, halafu usiiache isimame. Ikitoa tawi linaloenda juu lilaze, liweke kijiwe juu yake, litambae juu ya mawe lishuke. Kila ikimaliza kuchanua kata ncha zote urefu wa kiganja. Ukifanya hivyo misimu miwili mitatu unapata tuta la maua la kimo cha goti ambalo mtu akipiga picha kwa chini, akafuta kidogo nyaya za umeme, anaweza kuwadanganya ndugu zake kwamba yuko Uswisi. Na kwa taarifa yako ile pinki sio petali, ni majani yaliyobadilika rangi, ua lenyewe ni kale keupe kadogo katikati.

Wa pili ni adeniamu, hili waridi la jangwani. Huyu ndio mwenyeji, anaota porini kwenye sehemu kavu za nchi yetu, shina limenenepa chini kama chupa kwa sababu anahifadhi maji humo, maua ya pinki au mekundu. Ukilipanda kwenye ufa wa jiwe, shina likavimba likakaa kama limebanwa na mwamba, hata mimi ninayeuza huwa nasimama kuangalia. Mbegu zake zikiwa mpya zinaota haraka, ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Ukitumia kipande cha tawi kiache kivulini siku kadhaa kidonda kikauke ndipo uchomeke, la sivyo kinaoza, na ujue mche wa tawi haunenepi chini vizuri kama wa mbegu. Vaa glavu ukikata. Utomvu wake ni sumu, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanatumia utomvu wa jamii ya mmea huu kwenye mishale yao ya kuwindia, kwa hiyo sio wa kuchezea, na kama una mtoto anayeweka kila kitu mdomoni basi subiri akue. Alpenrose nayo ina sumu kila sehemu, kwa hiyo hujapoteza kitu hapo.

Kwenye mianya midogo jaza potulaka, ile yenye majani manene kama punje za mchele, inafungua maua jua likiwaka na kufunga jioni. Ongeza mshubiri mmoja au miwili kwa umbo. Lantana usiweke, najua inachanua vizuri na haifi, tatizo ni hilo la kutokufa, ndege wanakula mbegu wanaenda kuzipanda kwa majirani.

Hatua ya sita: kupanda na maji

Panda mvua zikishashika, mwezi wa kumi na mbili au wa kwanza. Toa kiriba chote jamani, nimeshafukua mche wa mtu uliodumaa miaka miwili nikaukuta bado umevaa kiriba chake. Shina likae kimo kile kile lilichokuwa nacho kwenye kiriba, shindilia kwa mkono, halafu mwaga kokoto juu yote unene wa vidole viwili. Kokoto inazuia jua lisipige udongo moja kwa moja, inazuia tone la mvua lisirushe tope, na upepo ule wa mwezi wa saba na wa nane unaobeba vumbi la mji mzima unakuta hakuna cha kubeba kwako.

Mvua zikikata, bogenvilia mpya mwagilia mara mbili kwa wiki mpaka ishike, baadaye mara moja kwa wiki, baadaye ukiona imenyong'onyea jioni. Adeniamu chimba kwa kidole, kukiwa na unyevu wowote ondoka. Mwezi wa sita na wa saba usiku unapoa, inaweza kupukutisha majani ikabaki mifupa mitupu, kila mwaka kuna mtu ananiletea mche akidai nimemuuzia mfu. Bonyeza shina, likiwa gumu iko hai imelala tu, punguza maji sana uiache. Likibonyea kama ndizi mbivu, pole, umeizamisha.

Mbuzi sina dawa nao zaidi ya uzio. Bogenvilia wanakula na miiba yake wanashukuru.

Sasa nyie wabishi

Bado unataka wa Alps wenyewe. Sawa, nakuambia ukweli halafu nakupa njia. Mimi nimejaribu mara mbili. Ya kwanza niliagiza mbegu mtandaoni kwa mtu nisiyemjua, zikaja kubwa kama mtama, nikapanda kwa heshima zote, zikaota nyasi. Kumbe mbegu ya Alpenrose ni vumbi, ni kama ugoro, ukipiga chafya umepoteza msimu. Kwa hiyo mtu akikutumia mbegu unazoweza kuzihesabu kwa kidole, hiyo sio yenyewe. Na kabla hujaagiza chochote kutoka nje fuata utaratibu wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, unatakiwa kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mmea kutoka kule inakotoka, tena mche wenye udongo wa kwao ndio balaa zaidi maana udongo unabeba magonjwa. Usifiche kwenye begi. Mara ya pili nilifuata njia, nikapata mbegu kweli.

Anza mwezi wa tano, uitumie ile baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba ambayo usiku inashuka mpaka nyuzi 13 hivi. Udongo wa hapa usitumie hata kijiko. Chukua tone la siki ulijaribu, weka kwenye udongo mkavu, ukitoa povu una chokaa humo, ila usipotoa povu haimaanishi una asidi. Tafuta udongo wa sehemu inakostawi chai, Mufindi, Njombe, Rungwe, Lushoto, kama una shangazi huko akutumie kiroba kwenye basi, chai haikubali udongo usio na asidi kwa hiyo imeshakupimia. Changanya na unga wa makumbi ya nazi uliooshwa mara tatu kutoa chumvi. Haidrenjia ikichanua bluu kwenye mchanganyiko huo uko sawa, ikichanua pinki huenda asidi haitoshi, ni kipimo cha bure.

Mbegu mwaga juu, usifunike, zinataka mwanga. Nyunyizia maji kwa chupa ile ya kurushia nguo maji ukipiga pasi, funika na nailoni nyeupe, weka kivulini penye mwanga. Wiki tatu mpaka nne unaona ukungu wa kijani, hizo ndio zenyewe. Zinakua taratibu mpaka unatukana, miezi minne mche ni kama ukucha wa mtoto.

Chungu chake ni viwili. Cha udongo kidogo ndani ya cha udongo kikubwa, vyote visivyopakwa rangi, katikati jaza mchanga na uumwagilie huo mchanga asubuhi na jioni. Ni akili ya mtungi wa bibi, maji yanatoka kwenye ngozi ya chungu, hewa kavu inayanyonya, ndani kunapoa. Hewa ya Dodoma kuanzia mwezi wa nane mpaka mvua zije ni kavu mno, kwa hiyo mtungi unafanya kazi kuliko ungefanya Dar. Weka upande wa mashariki wa nyumba upate jua mpaka saa nne asubuhi halafu ukuta uifunike.

Maji ya kunywa mche wenyewe ni ya mvua tu, uliyokinga kwenye simtanki kutoka bati, na ile mvua ya kwanza kabisa iache ioshe vumbi la paa. Yakikuishia kuna maji yanayodondoka nje kwenye AC za maofisini, yale hayana chokaa, mimi nilikuwa naenda na dumu nakinga, mlinzi alidhani nina mambo ya kienyeji. Mchanga wa katikati yale maji ya bomba yanafaa. Ila usije ukasema nitaupeleka mche ndani ya ofisi kabisa ukae na AC, mwanga hautoshi na ile hewa inakausha majani.

Ya kwangu ya mara ya pili ilivuka mwezi wa kumi, ikavuka wa kumi na moja ambao ndio niliuogopa, nikaanza kutamba kijiweni. Wiki ya Krismasi nikaenda kijijini, nikamwachia kijana maelekezo ya vyungu, akamwagilia chungu cha ndani badala ya mchanga, kwa maji ya kisima, siku nane. Nimerudi nimekuta miche ya rangi ya chai ya maziwa. Simlaumu, ukiangalia vyungu viwili vimeingiliana kweli unajua kipi ni kipi?

Mwaka huu nimepaka cha ndani alama nyekundu, na nusu ya mbegu nimempa dada yangu anayeishi Njombe akazipande chini ya kivuli karibu na chai yake, nione nani atafika mwezi wa pili. Mawe ya kilima ninayo bado, ukija na Kirikuu yako tutapakia.